Kitufe Kinachokataa: Sharti na Ukimya katika Kurasa za Mtandao

Utangulizi

Katika maduka ya steshenari ya Mukendo, katikati ya mji wa Musoma, mtu akiketi nusu saa atasikia kitenzi kimoja kikirudiwa kuliko istilahi yoyote ya kompyuta iliyowahi kusanifiwa. Kitenzi hicho ni "kukataa". Mwombaji wa mkopo wa masomo hufika na simu yake mkononi, humwonyesha kijana wa dukani ukurasa alioujaza tangu usiku, kisha husema, "Kaka, hapa inakataa." Kijana huipokea simu, hugusa kitufe cha kutuma kilichofifia rangi, naye huafiki: "Kweli, imegoma." Hakuna kati yao asemaye ni kitu gani kilichokataa, kimekataa kwa sababu gani, wala kitakubali lini. Kiima cha sentensi zao ni kiambishi i- ambacho nomino yake haikutajwa: huenda ni simu, huenda ni mtandao, huenda ni mambo kwa jumla.

Makala haya yanahusu ukimya huo. Mara nyingi kitu kilichokataa hakikuharibika hata kidogo. Ni kitufe ambacho mtunzi wa ukurasa amekifunga kwa makusudi, kwa lugha ya programu iitwayo JavaScript, mpaka sharti fulani litimizwe: namba ya simu ifikishe tarakimu zinazotakiwa, picha ipakiwe, alama ya kukubali kanuni iwekwe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kitufe kilichofungwa namna hiyo ni sentensi ya masharti iliyokatwa nusu. Mtunzi ameiandika nzima katika programu yake, lakini msomaji amepewa tokeo tu, sharti likabaki kabatini. Aidha, inadaiwa kwamba Kiswahili kimekwisha kuwa na zana zote za kuirudisha nusu iliyokatwa, na kwamba kazi ya kuirudisha ni ya wanafunzi wa lugha kama ilivyo ya mafundi.

Jambo hili si dogo. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu, ya ajira serikalini na ya nyaraka nyingi za uraia hupitia siku hizi katika kurasa za mtandao, na kila ombi lina siku yake ya mwisho. Kijana anayedhani simu yake ni mbovu, akaamua kurudi kesho, aweza kupoteza mwaka mzima kwa sababu ya tarakimu moja iliyopungua. Ifahamike kwamba halengwi hapa mwenye ukurasa yeyote kwa jina. Desturi inayojadiliwa imeenea duniani kote, na Musoma imeipokea kama ilivyo.

Kufunga tukio la kubofya

Msomaji ambaye hakupata kuandika programu anahitaji maelezo machache kabla ya kuingia katika sarufi. Lugha ya JavaScript ilitungwa mwaka 1995 na Brendan Eich, akiwa katika kampuni ya Netscape. Kwa lugha hiyo ukurasa wa mtandao, ambao kabla ya hapo ulikuwa wa kusomwa zaidi kuliko wa kutendewa, ulipata masikio. Kila kijenzi cha ukurasa, kiwe kitufe, picha au aya, chaweza kuwekewa msikilizaji, yaani kipande cha programu kinachokaa kikingojea tukio. Kidole kikigusa kitufe, hilo ni tukio la kubofya. Msikilizaji huitwa, naye hutenda alichoagizwa.

Kitenzi chenyewe, kubofya, kinastahili neno pembeni. Ni kauli ya kutendesha ya kitenzi "kubopa", kwa kanuni ileile ya kifonolojia inayotoa "ogofya" katika "ogopa". Kitu kinachobopa ni kile kinachobonyea kinapoguswa. Anayebofya embe sokoni hulibonyeza kwa vidole apate kujua kama limeiva. Waliolichagua neno hili kwa ajili ya kompyuta, wawe waliliwazia hivyo au la, walichagua neno lenye ahadi ndani yake: kinachobofywa kinatarajiwa kuitikia. Embe bichi halibopi, lakini hata ugumu wake ni jibu, kwani mnunuzi hujua kwamba bado halijaiva. Kitufe kilichofungwa kimyakimya hakitoi hata jibu la embe bichi.

Njia za kulifunga tukio kwa sharti ni kadhaa. Iliyo maarufu zaidi ni sifa iitwayo "disabled", iliyoingizwa katika toleo la 4.0 la lugha ya HTML mwezi Desemba 1997. Programu huangalia sharti. Lisipotimia, huibandika sifa hiyo juu ya kitufe, na likitimia huibandua. Kitufe chenye sifa hiyo hakipokei tukio la kubofya hata kidogo, na msikilizaji wake haitwi. Tena, mtu asiyeona, ambaye hupita katika ukurasa kwa kibodi huku programu ikimsomea kwa sauti kila anapotua, kwa kawaida hukirukwa kitufe hicho bila kujua kwamba kipo. Sifa hii hufanya kazi kwa viungo vya fomu tu, yaani vitufe, nafasi za kujazia na orodha za kuchagulia. Ikibandikwa juu ya kiungo cha kawaida cha kwenda ukurasa mwingine, haina nguvu yoyote, ingawa wanafunzi wengi wa fani hii huibandika hapo na kushangaa.

Njia nyingine ni kukiacha kitufe wazi na kumwachia msikilizaji mwenyewe kazi ya kuuliza sharti. Kidole kikigusa, msikilizaji huitwa, huangalia kama namba ya simu imekamilika, na kama haikukamilika husimamisha kitendo kwa amri iitwayo "preventDefault". Fomu haiendi kokote. Tofauti na njia ya kwanza ni kubwa kuliko inavyoonekana: hapa kuna aliyeitwa, na aliyeitwa aweza kusema. Kuna pia namna ya kulikamata tukio likiwa njiani. Kwa mujibu wa kanuni za matukio zilizotolewa mwezi Novemba 2000, tukio hushuka kutoka juu ya ukurasa hadi kwenye kijenzi kilichoguswa, kisha hupanda tena. Mlinzi akiwekwa juu aweza kulizuia kabla halijafika, na kwa njia hiyo sehemu nzima ya ukurasa hufungwa kwa mara moja. Na kuna wale wanaotumia lugha ya mapambo ya ukurasa, ambayo ina sifa ya kukifanya kidole kipite juu ya kitufe kana kwamba hakipo. Hilo ni pazia tu wala si kufuli, kwa kuwa mwenye kibodi bado hukifikia.

Kwa kweli hakuna hata moja kati ya njia hizi iliyo kufuli. Zote hufanyika ndani ya simu au kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, na mtu mwenye ujuzi kidogo aweza kuibandua sifa ya kufunga kwa dakika moja. Ndiyo maana mafundi makini husisitiza kwamba sharti linalolinda fedha au siri sharti liulizwe tena upande wa seva, yaani kompyuta inayopokea maombi. Hapa ndipo hoja ya makala haya inaposimama. Kama kufunga kitufe katika kivinjari hakumzuii mwizi, basi kazi yake iliyobaki ni kumwambia mtu mwema jambo fulani: bado hujamaliza, au bado hujaruhusiwa. Kufunga huko ni ujumbe. Na ujumbe usiosema kitu ni ujumbe mbovu, hata kama programu yake haina kosa.

Haufunguki, haufunguliwi, umefungwa

Chukuliwe mfano wa mlango. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyesukuma mlango ukabaki palepale anazo sentensi tatu za kuchagua, na hazichanganyi. Aweza kusema "Mlango haufunguki", kwa kauli ya kutendeka. Aweza kusema "Mlango haufunguliwi", kwa kauli ya kutendwa katika hali ya mazoea. Aweza pia kusema "Mlango umefungwa". Tafsiri za haraka huzifanya sentensi hizi kuwa moja, lakini matendo yanayofuata kila mojawapo ni tofauti kabisa. Mlango usiofunguka una kasoro: bawaba zimeshika kutu, au mbao zimevimba kwa mvua, huitwa fundi. Mlango usiofunguliwa una kanuni: ni wa nyuma ya ofisi, au ni wa wenye nyumba peke yao, mgeni huuacha na kuzunguka mbele. Mlango uliofungwa una aliyeufunga, na mwenye ufunguo hutafutwa.

Sarufi zetu zimeieleza tofauti hii kwa ufupi mno. Wanafunzi hufundishwa kwamba kiendelezi -ik-/-ek- huonyesha hali au uwezekano, na kwamba, tofauti na kiendelezi -w-, hakiruhusu mtenda kutajwa: husemwa "umefunguliwa na mlinzi", haisemwi "*umefunguka na mlinzi". Kanuni ni sahihi, lakini mara nyingi huachwa hapo, kana kwamba ni suala la kinyota kinachobandikwa mbele ya sentensi isiyokubalika. Athari yake katika maisha ya watu haifuatwi. Kauli ya kutendeka humwondoa mtenda katika sentensi, na kumwondoa mtenda ni kuiondoa pia dhamira. Kitu kisichofunguka hakina anayekusudia kisifunguke.

Sasa turudi kwa kitufe kilichofifia. Ukweli wake wa kisarufi ni wa kauli ya kutendwa: kimefungwa, na aliyekifunga ni mtunzi wa programu, na alikuwa na sababu. Lakini sura yake mbele ya mtumiaji ni ya kauli ya kutendeka: hakibofyeki. Hakuna kinachoonyesha kwamba kuna mtu nyuma yake. Kwa hiyo mwombaji wa Mukendo hufanya kile ambacho lugha yake imemfundisha kufanya mbele ya kitu kisichofunguka, yaani hutafuta fundi. Huizima simu na kuiwasha, hununua kifurushi kingine cha intaneti, hatimaye hulipa dukani ili ajaziwe upya na mwingine. Hatua zote hizo ni za busara kwa mtu aliyeambiwa kwamba kuna kasoro. Kosa ni la aliyemwambia hivyo.

Kitenzi "kukataa" nacho hupata maelezo yake hapa. Wazungumzaji wanahisi kwamba kilichopo mbele yao si kutu ya bawaba, kwa maana simu hiyohiyo inafanya mambo mengine yote. Kuna utashi mahali fulani. Ila utashi huo haukujitambulisha, basi wao huupachika kwenye kifaa chenyewe na kusema kinakataa, kinagoma. Ni uchambuzi wa lugha ulio sahihi kuliko wa wabunifu wengi wa kurasa: kuna anayekataza, naye amejificha. Inapendeza kuona kwamba jambo hili halitegemei ufasaha wa Kiswahili cha shuleni. Wengi wa watu wa Mukendo wana lugha nyingine nyumbani, Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kikurya na nyinginezo, na kiendelezi cha kutendeka si mali ya Kiswahili peke yake katika jamii ya lugha za Kibantu. Utafiti wa kulinganisha jinsi wazungumzaji hao wanavyoeleza kifaa kisichotii, katika Kiswahili chao na katika lugha zao za kwanza, ungekuwa tasnifu nzuri ya uzamili, na usingehitaji vifaa vya gharama.

Nusu iliyokatwa

Sentensi ya masharti ina vishazi viwili, cha sharti na cha tokeo, na katika Kiswahili sharti hutangulia kwa kawaida: "Usipojaza namba ya simu, hutaweza kutuma." Programu ya JavaScript hupangwa vivyo hivyo, sharti huulizwa kwanza, amri hufuata. Mtunzi anayeandika kwamba namba ikiwa pungufu kitufe kifungwe, ameandika sentensi kamili. Kinachofika kwenye kioo cha simu ni kishazi cha tokeo peke yake, tena bila maneno, kwa rangi ya kijivu.

Hata rangi hiyo ina kisa. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa kurasa, toleo lake la 2.0 la mwaka 2008, unataka maandishi yatofautiane vya kutosha na mandharinyuma ili yasomeke na wenye uoni hafifu, lakini unavisamehe vijenzi visivyo katika matumizi kwa wakati huo. Kwa maneno mengine, kitufe kilichofungwa kimeruhusiwa kutosomeka. Anayekitazama adhuhuri, barabarani, kwenye simu ya bei nafuu yenye mwanga mdogo, pengine hajui hata kwamba juu yake pameandikwa "Tuma".

Kuna hasara kubwa zaidi, nayo ni ya kisarufi. Kiswahili hakina sharti la aina moja. Kiambishi -ki- hutoa sharti lililo wazi, ambalo bado laweza kutimizwa: "Ukijaza namba, utatuma." Kiambishi -ngali- hutoa sharti lililokwisha kupita na haliwezi tena kutimizwa: "Ungalijaza jana, ungalituma." Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya leo -nge- imeingia mno katika eneo la -ngali-, na waliolalamikia mchanganyiko huo tangu zamani wamelalamika bure, lakini tofauti ya maana haikufa, na mzungumzaji anapoihitaji huipata kwa njia moja au nyingine. Kitufe cha kijivu ndicho kisichoijua tofauti hiyo. Hufungwa kwa kijivu kilekile kwa mtu ambaye hakuweka alama moja, naye angeweza kuiweka kwa sekunde mbili, na kwa mtu ambaye siku ya mwisho imempita usiku wa manane. Wa kwanza huondoka akidhani amechelewa. Wa pili hukesha akijaza upya fomu ambayo haitapokelewa. Hakuna mzungumzaji mwenye adabu angewajibu watu hawa wawili kwa neno moja, sembuse kwa ukimya.

Masharti yenyewe hayamkeri mtu. Wavuvi wa dagaa wa ziwa Viktoria huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hubaki mwaloni. Hilo ni katazo la masharti lenye hasara ya fedha kwa watu wengi wa Musoma, lakini hakuna asemaye kwamba ziwa linakataa. Sharti liko juu angani, kila mtu analiona, na kila mtu anajua litaondoka baada ya siku ngapi. Kinachotakiwa katika ukurasa wa mtandao ni mwezi huo tu: sharti liwe mahali linapoonekana.

Kwa kazi hiyo Kiswahili kina muundo ambao wabunifu wa kurasa wameupuuza, pengine kwa sababu hauna mwenzake wa moja kwa moja katika lugha wanazotafsiri kutoka kwazo. Ni muundo wa "ndipo". "Jaza namba ya simu ndipo utume." Maneno sita yanaagiza, yanapanga mfuatano, yanataja sharti, na yanaahidi kwamba likitimizwa njia itafunguka. Linganisha na ujumbe ulioenea, "Sehemu hii ni ya lazima." Huo una sarufi isiyo na kosa na roho ya tafsiri, unataja sifa ya sehemu badala ya kumwambia mtu afanye nini na atapata nini. Mama wa Mukendo anayemtuma mtoto dukani hasemi kwamba kuosha mikono ni kwa lazima. Husema, "Nawa kwanza ndipo ule." Aliyelelewa kwa sentensi hiyo huielewa mara moja hata akiikuta kwenye kioo.

Suala la istilahi

Mafundi wanapoizungumzia hali hii kwa Kiswahili hutumia zaidi "kulemaza" na "kuzima", na vitenzi hivyo vyote hukutwa katika tafsiri za programu mbalimbali. Cha kwanza hakifai. "Kulemaza" ni kumfanya kiumbe awe kilema. Kinabeba maana ya madhara, na ya madhara yasiyorudi. Kitufe kinachofungwa sasa na kufunguliwa baada ya nukta tatu hakikulemaa. Zaidi ya hayo, watu wenye ulemavu wamepigania kwa muda mrefu lugha isiyowafananisha na vitu vilivyoharibika, na hakuna sababu ya kuwarudisha nyuma kwa ajili ya kitufe. "Kuzima" ni afadhali, kwani kina kinyume chake, "kuwasha", na kinyume hicho chaonyesha kwamba hali inageuka. Udhaifu wake ni kwamba kimekwisha kushikwa na umeme: anayesikia kwamba kitufe kimezimwa hutafuta swichi.

Pendekezo la makala haya ni "kufunga" na "kufungua", pamoja na "sharti la kufungulia". Pendekezo hili halikutungwa mezani. Watanzania wamekwisha kulifanya wenyewe: husemwa kila mwaka kwamba dirisha la maombi limefunguliwa, na kwamba litafungwa tarehe fulani. Usemi huo una kila kinachotakiwa. Una kauli ya kutendwa, kwa hiyo unakiri kwamba yupo aliyefunga. Una kinyume chake. Na unachukua wakati bila shida. Kama dirisha zima laweza kufungwa na kufunguliwa kwa Kiswahili cha kila siku, kitufe kilichomo dirishani hakihitaji kulemazwa.

Hata hivyo, istilahi si kiini cha tatizo, na ni vyema kulisema hili waziwazi katika jarida la Kiswahili. Taaluma yetu ina mazoea ya kuona kila pengo la kiteknolojia kuwa pengo la msamiati. Mazoea hayo yalizaa kazi za maana: mwaka 1990 ulitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, na pia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na ilibidi mamia ya maneno yaamuliwe. Lakini menyu ni orodha ya maneno yasiyobadilika. Ikitafsiriwa mara moja imetafsiriwa. Sharti la kitufe ni sentensi, na kila ukurasa una masharti yake. Huandikwa usiku na kijana wa programu aliye peke yake Dodoma au Mwanza, ambaye hakuna aliyemfundisha kwamba "usipojaza" na "hukujaza" hazilaumu kwa kiwango kimoja. Baraza la Kiswahili haliwezi kumsanifia sentensi zote hizo. Idara za Kiswahili zaweza kumfundisha aziandike, au kumtuma mhitimu wao akae naye.

Wanaotetea ukimya

Watetezi wa kitufe kilichofungwa wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba kufunga huzuia makosa kabla hayajatumwa, na hivyo huokoa muda na fedha ya intaneti. Hoja hii ni kweli, lakini haidai ukimya. Msikilizaji aliyeachwa wazi aweza kulizuia ombi lisitumwe palepale ndani ya simu, bila kutumia hata chembe ya intaneti, na wakati huohuo akasema sababu. Akiba ni ileile.

Hoja ya pili inahusu malipo. Mtandao ukiwa mzito, mtu hubonyeza "Lipa", haoni kitu, hubonyeza tena, na ukurasa uliotungwa vibaya humkata fedha mara mbili. Hapa kitufe hakina budi kufungwa mara tu baada ya kubofywa. Hilo linakubaliwa bila masharti. Lakini hata hapa kufunga bila neno huzidisha hofu badala ya kuipunguza, kwa kuwa aliyetuma ada ya mwanawe akaona kitufe kimekufa hawezi kujua kama fedha imekwenda au imepotea. "Malipo yanapelekwa, usibonyeze tena" ni maneno manne yanayotosha, na kila moja lina kazi.

Kuna wanaosema pia kwamba kivinjari chenyewe tayari hutoa onyo pale sehemu inapoachwa tupu. Hutoa, ila onyo hilo hufuata lugha ya kivinjari wala si ya ukurasa. Ukurasa wa Kiswahili safi, ukifunguliwa kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, humkemea msomaji kwa Kiingereza. Na simu nyingi zinazouzwa Musoma huachwa katika lugha zilizotoka nayo kiwandani. JavaScript inamruhusu mtunzi kuweka maneno yake badala ya hayo. Wengi hawayaweki. Ama dai kwamba sentensi za Kiswahili ni ndefu mno kwa vioo vidogo, halihitaji kujibiwa zaidi ya mifano iliyokwisha kutolewa.

Limebaki jambo moja ambalo mafundi hulitaja kwa nadra, nalo ndilo lililowasumbua wengi zaidi pale Mukendo. Programu hukifunga kitufe wakati ombi linasafiri, kwa nia ya kukifungua jibu likirudi. Mtandao ukikatika katikati, jibu halirudi, na mtunzi ambaye hakulifikiria tukio hilo hakuandika popote kwamba kitufe kifunguliwe. Hubaki kimefungwa na sharti ambalo halimo tena hata katika programu: namba imejazwa, picha imepakiwa, siku ya mwisho bado. Hii ndiyo hali pekee ambayo kauli ya kutendeka inaistahili, kwani sasa kitufe hakifunguki kweli. Dawa yake ya kiufundi ni mstari mmoja wa programu unaokifungua kitufe ombi lishindwe au lifaulu. Dawa yake ya kilugha ni mstari mwingine chini yake: "Ombi halikufika. Mtandao ukirudi, bonyeza tena."